Kukabidhi Selotepu

Ndoo hapa, Kauthar, keti kwenye hiki kigoda
nikukabidhi vifaa kabla magoti hayajaninyima ngazi.
Kompyuta hii, herufi ya W imeng'oka:
bonyeza shimo lake kwa ncha ya kalamu, itakuja.
Miaka sita nimeandika "watu" kwa taabu;
labda ndiyo sababu sijawaandika ovyo.

Chaja hushika ukiikunja kama mkia wa paka aliyelala.
Flashi ni mbili. Moja imo kwenye mkebe wa biskuti, chini ya nyuzi,
ya pili iko kwa dada yangu Likoni, ng'ambo ya feri,
maana mwaka ule bomba la juu lilipopasuka
maji yalisoma kurasa zangu zote kabla ya mtu yeyote.

Daftari liwe la mkononi. Kichwa usikiamini.
Neno ulilolisikia Markiti saa mbili
likifika Kibokoni saa nne limeshaota mapembe.
Liandike papo hapo, hata juu ya risiti ya unga,
na jina la mtu mwache alitaje mwenyewe:
Swaleh si Salehe,
na mamake yu hai, na anasoma.

Kichwa cha habari kiwe kifupi,
kama mtu aulizaye bei huku anatembea.
"Maji ya tangi, Alhamisi." Basi.
Mimi mwanzo niliandika
"Tafakuri Fupi Kuhusu Kadhia ya Maji Mtaani Petu,"
wakanipita na madumu yao matupu.

Ukimaliza, soma kwa sauti.
Usinisomee mimi, mimi nakupenda.
Msomee Mwanahamisi akikaanga kachiri:
akinyamaza na mwiko ukasimama, hapo pana kitu;
akikuuliza, "Ulikuwa wasemaje?"
rudi nyuma, futa.

Picha ni moja tu, na uiombe.

Utakosea. Mimi niliandika
kisima cha Bakathir kimekauka,
kumbe kimefungwa kisafishwe.
Akaja kwa miguu, kofia mkononi, wala hakugomba.
Akachomoa kalamu akaandika juu ya ukurasa wangu,
pale pale mlangoni, watu wakitazama:
"Njoo unywe."
Nikaenda. Nikanywa. Yalikuwa baridi, yana chumvi kidogo.
Wiki iliyofuata nililichapa kosa langu
kwa herufi kubwa zile zile nilizokosea nazo.

Na hesabu ya wasomaji, mwanangu, itakutia wazimu.
Mwaka mzima nilichungulia dirishani nikitia vijiti daftarini:
thelathini, kumi na mmoja,
siku ya mvua mbuzi mmoja, naye alikula aya ya pili.
Siku nyingine nikanunua bhajia
nikakuta zimefungwa kwa maneno yangu,
mafuta yameyafanya yang'ae upande wa pili.
Sikujua nicheke au nidai.

Kisha nikaugua. Jumatano ikapita, mlango mtupu.
Nikaambiwa yule fundi wa saa, Taibali,
asiyewahi kunisalimu hata kwa nyusi,
alisimama mbele ya zile alama nne za gundi
kwa muda wa kusoma ukurasa mzima,
akasafisha miwani, akasimama tena.
Tangu hapo sihesabu.

Siku ni Jumatano. Si siku ya hamu, wala ya msukumo:
Jumatano, hata kama huna ila bei ya nazi na paka aliyepotea.
Bandika saa kumi na mbili na nusu asubuhi
bati la mlango lingali baridi,
likishapata moto haling'ang'anii kitu.
Na ile pembe ya chini, ya kushoto,
ikandamize kwa gumba zaidi ya zile tatu.
Huko ndiko watoto huanzia kubandua.